Macho Yanayoruka

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo lakini bado anagombana na redio, kwa hiyo usihofu.

Ulipomwambia mdogo wangu kwenye simu kwamba vidonge vyake vya skizofrenia vitamharibia macho, aliacha kuvimeza siku hiyo hiyo. Unamjua: ni fundi simu, bila macho hana kazi. Juzi sauti zilianza kumsemesha tena, akakubali nimpeleke kliniki.

Walimketisha, kidevu kikiegemea kibao, afuatilie nukta nyekundu inayotembea kwenye skrini bila kugeuza kichwa. Macho ya wengi huteleza nayo. Yake yalibaki nyuma, kisha yakaruka kuikamata. Mchoro wa mwendo wa macho yake ukatoka kama ngazi. Jaribio la pili lilinichekesha: nukta ikitokea kulia, wewe utazame kushoto.

"Ni kama kuambiwa usiangalie sahani ya mwenzako," alilalamika. Alipouona mchoro hakutania tena. "Si mnaona? Dawa hiyo!"

Mpimaji hakubishana. Alinionyesha kiti, nami nikakaa nipimwe.

Shangazi, mchoro wangu nao ulikuwa na ngazi! Chache kuliko zake, ila zipo. Mdogo wangu aliukodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Dada, kumbe na wewe unameza kwa siri!"

Sijawahi kumeza hata kimoja. Daktari alieleza kwamba kuruka huko huonekana kwa wagonjwa hata kabla ya dawa, na mara nyingine kwa ndugu zao wasioumwa. Lakini hakusema dawa hazina lawama kabisa. Ile ya kwanza, unakumbuka, ndiyo iliyomkaza macho yakaganda yakitazama dari, wakambadilishia. Nyingine huweza kulipunguzia jicho kasi. Nilimuuliza kipi cha ugonjwa na kipi cha dawa. Akakiri kwamba kwa mtu mmoja ni vigumu kutenganisha. Nilimwamini zaidi kwa jibu hilo.

Jioni alimeza. Jana pia. Lakini ananiambia, "Wewe ni dada tu. Aliyenikataza ni Shangazi."

Kwa hiyo mpigie mwenyewe. Usianze na kuomba radhi, atatahayari. Mwambie macho ya kuruka ni ya ukoo, kisha mwambie ameze.

Msalimie Mjomba, na binamu yangu Kasuku. Mungu akujalie goti lisilonung'unika. Ukija, kile kiti cha kliniki kinakusubiri.

Wako akupendaye,
Binti mkubwa wa kaka yako