Kitovu cha Furaha na Tumbo Lako

Mama Furaha, muke wangu,

Baridi ya Masisi inawatendea namna gani? Furaha anatembea sasa, ao angali anafanya mugongo wako kiti chake? Mimi hapa Omate niko muzima, lakini naandika hivyo nikishika ukuta.

Walinipasua mushipa wa tumbo katika kituo cha afya cha hapa mugodini. Kidonda kimefunga tangu mwezi uliopita, lakini nikiinama kuokota hata kiatu, ninamwita marehemu mama yangu. Jana nilimwomba infirmie anayetunza wagonjwa hapa siku zingine za kupumzika. Katika maneno yangu mengi nikakusifu: muke wangu alipasuliwa tumbo ili azae, na kabla mwezi haujaisha alikuwa anapanda kilima na kitunga cha viazi mugongoni, mukamba wake kwenye paji la uso.

Yule baba hakucheka. Aliuliza nani alikuruhusu. Nikamweleza desturi yetu, kwamba muzazi anakaa ndani mpaka kitovu cha mutoto kianguke, kisha anarudia shamba. Cha Furaha kilianguka mungali hospitalini, basi ulipofika nyumbani siku zako zilikuwa zimeisha.

"Mulihesabu kitovu cha mutoto," akasema. "Tumbo la mama liliangaliwa na nani?"

Akaeleza kwamba kuna wanawake ambao maumivu yanabaki nao miaka, zaidi waliokatwa haraka baada ya uchungu murefu na woga mwingi, ao waliobeba mizigo mapema. Si uvivu, wala si uchawi.

Hapo njo nikakumbuka barua yako ya wakati wa kuvuna maharagwe. Ulisema kovu linakuchoma hata ukikohoa. Nami nikajibu kwamba kovu lako lina akili, linauma siku za kulima tu. Nilicheka peke yangu nikiandika. Unisamehe. Mucheshi wa namna hiyo angepasuliwa mara mbili.

Nimemwandikia kaka yangu mukubwa: viazi vya musimu huu atabeba yeye. Majirani wakicheka mwanaume kubeba kitunga, wamcheke yeye kwanza, mimi nikifika wanimalizie. Nawe urudi kwa munganga wa hospitali, umuonyeshe kovu.

Salamu kwa mama mukwe wangu, aliyesema mapema upumzike na sikumusikia. Na kwa katekista anayekusomea na kukuandikia: hapa asikohoe kwa haya, asome tu.

Usiniandikie kwamba umepona. Niandikie inauma wapi.

Ni mimi, mumeo aliyechelewa kusikia,
Papa Furaha