Mama Alipofumba Macho

Voi, Jumamosi jioni, Agosti 1956

Bado naona uso wa Mama ukijitokeza kwenye karatasi nyeupe ndani ya sinia la dawa. Kwanza kitambaa cha kichwa, halafu pua, halafu mdomo. Ee Mungu wangu! Nilisahau hata kupumua.

Leo ndiyo mara ya kwanza Fundi Salim, anayenifunza kupiga picha, kuniachia chumba chake cha giza nisafishe picha mwenyewe.

"Itupe," alisema, akiitazama kwa taa nyekundu. "Amefumba macho."

Nilijua. Jumapili, nyumbani Mwatate, nilimwambia Mama atulie kabisa. Akainamisha kichwa, akafumba macho. Kwetu ukiambiwa utulie, ni maombi yanaanza. Na filamu ilikuwa imebaki picha moja tu! Nikamfokea, mimi, mtoto wa kumzaa.

Hakukasirika. "Nilidhani tunaomba, mwanangu. Nikamwomba Mungu aitulize hiyo mikono yako."

Maana nilikuwa nimemweleza shida yangu: tangu nianze kujifunza, mikono inatetemeka, na kila picha inatoka na ukungu.

Fundi Salim aliisogeza picha karibu zaidi na taa. Nyuzi za kitambaa zilihesabika. Kope zilihesabika. Hata unywele mmoja kidevuni, ambao mimi sijawahi kuuona maisha yangu yote.

"Kamera uliiweka juu ya nini?" akaniuliza polepole.

"Niliishika kwa mikono tu," nilimjibu, na papo hapo mikono ikaanza kutetemeka.