Naomba na Huo Mwingine

Mama Desderi,

Mguu ninao. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama maharage yamevunwa. Yamevunwa.

Tangu tukuzike niliacha kwenda kliniki ya sukari. Niende na nani? Wewe ndiye uliyeniongelea kwa manesi: "Mzee wangu mbishi, msimsikilize," mnacheka, mimi nimenuna kwenye benchi. Basi kidonda kikanitoka kwenye kidole gumba, mguu wa kulia. Nikakifunga kitambaa. Mkwe wetu alitaka kukitazama, nikakataa. Baba mkwe anyooshe miguu mbele ya mke wa mwanawe, wapi na wapi! Lakini niliogopa, mke wangu. Nilishajiona na magongo.

Kilipoanza kunuka nikaenda kliniki mwenyewe. Mguu wa kulia niliuosha kwa sabuni hadi ukang'aa. Wa kushoto nikauvika soksi na tope lake la shambani. Nani angeuomba?

Nesi ni binti mdogo, sawa na kitinda mimba wetu. Akaniamkia, akasafisha kidonda taratibu, wala hakuziba pua. Nikadhani tumemaliza. Akasema, "Baba, naomba na huo mwingine."

Nikamwambia huo mzima, hauumi kabisa.

"Ndiyo maana nautaka."

Alipovuta soksi, aibu iliyonipata! Tope, na damu. Msumari wa katambuga zangu za tairi ulikuwa umenitoboa unyayo, nami nimetembea nao toka kwetu Malangali bila kuhisi kitu. Nikangoja kufokewa. Yeye akavuta beseni, akaniosha kama padri siku ya Alhamisi Kuu, huku akinifundisha: sukari hutia miguu ganzi, kwa hiyo kila jioni maji ya uvuguvugu, kausha katikati ya vidole, tazama nyayo.

Hapo nikakukumbuka na beseni lako, ulivyokuwa ukiniosha miguu kila jioni. Miaka yote nilidhani ni kwa ajili ya baridi ya huku kwetu. Kumbe ulikuwa unanikagua, na hao manesi ndio waliokutuma! Nikalia, mtu mzima mimi. Binti akaendelea kunikausha vidole.

Nimerudi kwake mara nyingi. Kidonda kimefunga, tundu la msumari pia. Nimepumua.

Nyayo naziangalia kwa kile kioo chako cha kusukia nywele. Mkwe huniwekea maji, akaenda zake jikoni. Pumzika sasa, mama, zamu yako imekwisha. Kila jioni nitaosha miguu yote miwili, na nitaanza na huo usiouma.

Mzee wako mbishi