Usije Kunichukua Mwezi wa Nane

Boito,
14 Julai 1996

Ndugu yangu Kipkemboi,

Chamgei. Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu na baridi. Natumaini wewe, mke wako Yunia na watoto ni wazima hapo Nakuru, na kwamba kile kikohozi chako kimetulia. Mimi dada yako ni mzima, ng'ombe anatoa maziwa, ila mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata leso. Mwandiko huu ni wa Wilkista, jirani yangu ambaye mumewe anafanya kazi kiwandani. Mimi natamka, yeye anaandika, na nimemkataza kunirembea maneno.

Barua yako nilisomewa Jumanne. Unasema chumba kiko tayari, kwamba utakuja tarehe kumi mwezi wa nane kunichukua kabla giza halijaniingia, na binamu yetu Johana atashika shamba langu la chai. Unasema kipofu hawezi kuishi peke yake Boito. Nimeshukuru kwa chumba. Kisha nimekasirika, na hasira bado ninayo, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Tangu daktari aseme mwaka jana kwamba presha ya macho imeua mishipa na mwanga uliobaki utaisha, watu wetu wananishika kama yai. Siku ile hospitalini daktari alimweleza Johana habari zangu zote, mimi nimekaa katikati yao, kana kwamba na masikio yangu yalikuwa yanaumwa. Tulipofika nyumbani Johana akaficha panga langu. Mke wake akija ananimiminia chai nusu kikombe, tena iliyopoa, halafu ananiuliza kwa sauti ya juu kama nimeshiba. Sijawahi kushiba chai iliyopoa.

Mwezi wa pili Johana alileta vibarua wachume chai yangu, mimi nikae kwenye kiti. Wakachuma kwa macho yao mazima kila kitu kilichokuwa kijani. Karani wa kituo cha kununulia majani alimwaga gunia lote pembeni, akasema hayo ni ya kulisha mbuzi. Kesho yake nilivaa aproni yangu ya plastiki, nikabeba kikapu na ufito, nikaingia shambani mwenyewe.

Wewe umekaa mjini, huenda umesahau. Ufito unaulaza juu ya michai. Kilichosimama juu ya ufito ndicho cha kuchuma, kilicho chini kinangoja. Halafu vidole vinauliza: majani mawili na chipukizi laini hukatika bila ugomvi, jani gumu linakataa. Hivyo ndivyo marehemu mume wangu alivyonifundisha miaka ishirini iliyopita, huku tukipiga soga na kuangalia barabarani nani anapita. Mchumaji hodari hatazami vidole vyake. Jioni ile karani alipitisha mkono kwenye kikapu changu akasema, "Mama, hii majani ni safi. Hao wengine wakuje wafunzwe na wewe." Johana alisema ni bahati. Basi ni bahati ya kila siku, maana sijarudishiwa kikapu hata kimoja mpaka leo.

Sasa nikuambie jambo nililokuficha. Wilkista amesimamisha kalamu, ananiuliza kama nina hakika. Nina hakika.

Giza unalotaka kuliwahi lilishafika. Lilifika mwezi wa tatu, wiki mbili kabla ya Pasaka. Niliamka nikangoja kupambazuke, jogoo wakawika mpaka wakachoka. Nililia, Kipkemboi. Niliogopa kuliko siku niliyofiwa. Nililia mpaka ng'ombe naye akaanza kulia kwa kucheleweshwa, nikatoka nikipapasa ukuta, nikamkamua. Sikumwambia mtu isipokuwa Wilkista, kwa sababu nilijua mngenifungia mizigo siku hiyo hiyo.

Halafu Pasaka ikaja, nawe ukaja. Ulikaa siku tatu. Nilikusongea ugali, nikakumiminia maziwa yetu ya mursik kutoka kwenye kibuyu bila kumwaga tone. Ulitaka tuchume pamoja, nikakuacha nyuma nusu mstari. Ulipoondoka ulimwambia Johana kwamba macho yangu yamepata nafuu. Ndugu yangu, uso wako sikuuona. Nilijua tu kwamba umenenepa, kwa jinsi kiti kilivyolalamika.

Kukuficha ni kosa langu, na ninaomba unisamehe. Lakini usiniambie tena kwamba kipofu hawezi kuishi Boito. Ulikula chakula chake siku tatu, ukaomba uongezewe.

Siku nikishindwa nitakuita mwenyewe, na najua utakuja mbio. Kwa sasa njoo kama mgeni, wewe na Yunia, mkae mtakavyo. Wasalimie watoto wote, waambie shangazi yao anawaombea. Chumba kile mpangishe mtu.

Ni mimi dada yako,
Bilhah Chemutai