Kima cha Baba Nyamvula

Changamwe
12 Februari 1961

Kwa mke wangu Jumwa,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na mtoto hajambo? Mama je, goti lake limepoa? Mimi mzima, ila mabega. Kutwa tunapakia mapipa ya mafuta kwenye mabehewa.

Uliuliza nakula nini. Usiwe na wasiwasi. Jioni nikirudi nakula bakuli zima la kima cha ng'ombe na kunde, wali chini, yai la kuchemsha juu. Karani wetu asema mtu wa mapipa akila sima na mchicha tu, mwaka hauishi ataanguka. Basi nashiba. Chumba ni kimoja, na ni kimya sana.

Mumeo,
Baba Nyamvula


Kaloleni
3 Machi 1961

Baba Nyamvula,

Salamu zako zimefika. Mtoto alikuwa na homa, sasa acheza. Goti la mama bado.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea kaka yangu Ruwa, nijue kama ni mimi tu ninayeshuku. Miaka saba tumeoana, sijakuona ukishika mwiko. Hata siku niliyojifungua ulikaa na njaa mpaka mama yako akaja. Leo watoka kazini umechoka, na kima kipo, kunde zimeiva, hata yai limemenywa. Ruwa aliniambia, "Dada, bakuli hilo lina mwenyewe."

Asema usipojibu kabla ya mahindi kupandwa, atanirudisha kwa baba. Sitashindana naye. Niambie tu jina lake huyo mwanamke.

Mama Nyamvula


Changamwe
19 Machi 1961

Mke wangu,

Natumai homa ya mtoto haikurudi. Mimi sijalala vizuri tangu nipate barua yako.

Hakuna mwanamke. Napika mwenyewe. Sikuandika kwa kuona haya, maana barua zangu zasomwa mbele za watu, na huko kwetu mwanamume akigusa sufuria atachekwa mpaka kaburini. Hata wenzangu hapa hawajui. Nafunga mlango ndipo nawasha stovu. Mwanzo nilikula hotelini, chapati na chai, siku moja nikaanguka na pipa.

Nakuandikia ninavyofanya, ujue sisemi uongo. Kunde nachemsha Jumapili, kisha kila jioni nazipasha moto zisichache. Kima nusu ratili nanunua kwa Mbwana, mwenye bucha karibu na reli. Anakisaga mbele yangu kwa mashine ya mkono. Nakitia sufuriani na maji vikombe viwili, na chumvi kijiko kizima. Kikichemka natia nyanya, kisha kunde. Vitunguu natia mwisho, nikishaepua. Yai naliivishia ndani ya wali. Nazi situmii, sina mbuzi ya kukunia. Nusu saa kimeiva, na sufuria za kuosha ni mbili tu. Halafu nakula nikitazama ukuta.

Mumeo,
Baba Nyamvula


Kaloleni
20 Aprili 1961

Baba Nyamvula,

Waonaje hali? Sisi wazima, mvua imeshika na mahindi tumepanda.

Nimekawia kwa kuwa hapa hakuna kima. Nilingoja hadi jirani alipochinja ng'ombe, nikaikatakata nyama kwa kisu mpaka mkono ukafa ganzi. Nikafuata barua yako neno kwa neno, hata kile kijiko cha chumvi, nikampakulia Ruwa. Alitia tonge mdomoni, akatafuna kile kitunguu kibichi. Kisha alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Akasema, "Chakula hiki hakijaonwa na mwanamke. Shemeji yangu nimemsingizia." Ameniambia nikuombe radhi kwa niaba yake.

Yeye hakumaliza. Mimi nililia juu ya bakuli lile nyuma ya jikoni, na nikalimaliza lote, maana nilijua ndicho unachokula kila siku, mlango umefungwa.

Nakuja. Nyamvula atabaki na bibi yake. Jumamosi tarehe 13 Mei, kwa basi la mchana. Nitaleta mbuzi ya nazi. Vitunguu hutangulia, mume wangu, na huanzia kwenye mafuta. Siku hiyo usipike.

Mkeo,
Mama Nyamvula


Changamwe
14 Mei 1961

Mke wangu,

Hujambo? Mtoto na mama wazima? Huko mvua imewafanyaje?

Jana asubuhi Mbwana alinisagia ratili nzima. Akauliza, "Leo una mgeni?" Nikamwambia mke wangu anakuja. Kwa mwaka mzima hapa, ndilo neno la kwanza la nyumbani kwangu nililomwambia mtu.

Nilisimama kituoni tangu saa sita. Basi halikuja. Dereva wa lori aliyetoka Mariakani alisema maji yamekata barabara ya Kaloleni tangu Alhamisi, hakuna gari lililopita. Sijui kama uko nyumbani au umekwama njiani. Nijulishe.

Kima nilimpa jirani kisiharibike. Sikupika, kama ulivyoniagiza. Nilikula mkate.

Jumamosi ijayo nitasimama pale pale. Siku hiyo pia sitapika.

Mumeo,
Baba Nyamvula