Breki ya Kigari cha Mtoto

Jumatatu, 2 Juni
Baridi. Nimefungua kibanda saa mbili, vidole havishiki spana. Zimeingia baiskeli tatu, zote breki. Kila moja nimeifunga mara mbili, kisha nikaijaribu mwenyewe kwenye mteremko wa Mjimwema kabla ya kumwachia mteja. Wanalalamika nawachelewesha. Walalamike.

Mimba ya mke wangu Yusta imeingia mwezi wa nane leo. Sijamwambia kwamba nahesabu. Nadhani na yeye anahesabu.

Jumatano, 4 Juni
Kliniki. Nesi kamwambia Yusta anyanyue mkono wa kushoto. Ukaishia kifuani. Akasema mbeleko asahau, fundo lake linakaa palepale mfupa ulipovunjikia. "Tafuteni kigari." Kasema kirahisi, utadhani anatutuma chumvi.

Bega lile nililivunja mimi. Naandika hapa kwa sababu sina pa kulisema. Mwaka juzi nilimpakia kwenye keria ya baiskeli niliyoifunga kwa mikono hii. Katikati ya mteremko kebo ya breki ikachomoka, tukaishia mtaroni. Mimi nilichubuka goti. Yeye alivunjika bega, na mtoto wa miezi saba tumboni hakupona. Watu walisema ajali. Yusta hajanilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepumua.

Na sasa wa pili naambiwa nimpandishe kwenye magurudumu.

Jumamosi, 7 Juni
Makambako. Kwa Mama Saumu, muuza mitumba, kuna vigari vitatu. Cha kwanza kinang'aa, vigurudumu vidogo vya plastiki. Hicho ni cha kusukumwa kwenye vigae, barabara yetu itakimaliza kwa wiki. Cha pili kinacheza gurudumu la mbele. Cha tatu ni cha bluu iliyopauka, magurudumu matatu makubwa yenye tyubu, beringi safi kabisa. Nikalala chini nikikague tumbo lake. Mama Saumu akacheka: "Fundi, unanunua kigari au unakifanyia upasuaji?"

Pedali ya breki ilikuwa legelege. Springi imekatika. Kitu cha dakika kumi, nimetengeneza mabaya zaidi ya hayo. Nikabaki nimeishika ile pedali, nikaikumbuka ile kebo. Nikasema nitarudi. Nikaondoka mikono mitupu.

Nimemwambia Yusta vyote ni vibovu. Nimemdanganya.

Jumapili, 8 Juni
Mama yangu kasikia habari za kigari. Baada ya ibada kaja moja kwa moja, hajavua hata kitambaa cha kwaya. Kwake yeye kitu cha mtoto hakiingii ndani kabla mtoto hajalia. Mara ya kwanza nilinunua beseni na shali mapema, na Mama hajasahau. Halitaji lile beseni. Analitazama tu pale anaponawia mikono.

Nikamwambia hatununui kitu. Ilikuwa nafuu kwangu, lazima niseme ukweli. Nilijificha nyuma ya mwiko wa Mama.

Alhamisi, 12 Juni
Miguu ya Yusta imevimba. Presha iko juu. Wamemlaza. Naogopa.

Jumatatu, 16 Juni
Presha inapanda na kushuka. Nimempelekea uji na viazi. Kala viazi vitatu, kisha kaniuliza ghafla: "Magurudumu yake yakoje?"

Nikajifanya sielewi. Akasema ananijua, nikikuta vyote vibovu huwa narudi nikitukana, na siku ile nilirudi kimya. Nikamweleza yote. Bluu, magurudumu matatu, springi. Akasema anakitaka hicho, na breki yake niifunge mimi, hataki fundi mwingine aiguse.

Nimetoka wodini moja kwa moja hadi nyumbani.

Umeme ulikuwa umekatika, simu yangu imezima. Nikaazima ya Mama, nikamwambia naagiza vipuri. Nikatoka nje ya jiko nikampigia Mama Saumu anitumie kigari kwa basi. Nimemsisitizia apigilie sanduku la mbao, kisije kikapondwa kwenye buti la basi.

Jumatano, 18 Juni
Sijanawa hata grisi mikononi. Naandika hivyo hivyo.

Kama saa tano nilikuwa naziba pancha. Nikamwona Mama anashuka barabarani, khanga kaifunga kiunoni, Mama Frida wa jirani kamshika mkono. Mama alikuwa analia kwa sauti. Mama halii kwa sauti. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama nilipokuwa mdogo. "Jikaze, mwanangu. Wamepiga simu stendi. Sanduku la mtoto limefika."

Nilielewa kama alivyoelewa yeye. Sanduku huku kwetu ni moja tu, la kuzikia, watu wakilisema wakiwa wamefunga khanga kiunoni. La kwanza nililibeba mwenyewe, jepesi mno. Hata sikujiuliza hospitali ipo hapahapa Njombe, sanduku litokee wapi na basi. Akili ilikuwa imezima. Niliangusha pampu nikakimbia. Sikukimbilia stendi. Nilikimbilia hospitali, na njia nzima nilikuwa namwambia Mungu nachukua lawama yote, mama mtu aniachie.

Yusta alikuwa amekaa kitandani anamenya chungwa. Tumbo lipo. Akanitazama mikono yangu myeusi, akauliza nani amefariki.

Nililia pale wodini mbele ya wanawake kumi na zaidi. Sijali.

Ndipo nikakumbuka simu. Mama Saumu aliandika namba niliyompigia, ambayo ni ya Mama. Na juu ya mbao, kwa kalamu nene: SANDUKU LA MTOTO – NJOMBE. Karani wa basi kasoma kilichoandikwa, kampigia Mama kwa upole: "Mama, sanduku la mtoto wenu limefika, njooni mlichukue." Kila mtu kasema kweli, isipokuwa mimi niliyesema vipuri.

Stendi nimelikuta kivulini, peke yake, limefunikwa shuka ya mtu. Abiria walikuwa wamevua kofia. Makambako mpaka hapa hakuna aliyethubutu kuliwekea mzigo juu. Kigari hakina mkwaruzo hata mmoja.

Alhamisi, 19 Juni
Mama kaja kibandani asubuhi. "Kamwene." Nimeitikia salamu nikitazama chini. Nilingoja anichambe, na nilistahili. Akakaa kwenye benchi, akalitazama sanduku, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akafuta machozi na akanichamba kweli. Mwisho akasema kigari kikae hapahapa kibandani. Nyumbani kisiingie mpaka mtoto alie.

Nimekubali. Safari hii sijifichi, nimekubali tu.

Jumatano, 25 Juni
Nimefunga springi mpya. Nimeifungua. Nimeifunga tena. Nimepakia kigarini kiroba cha viazi, nimekisukuma hadi katikati ya mteremko, nimekanyaga breki, nimeachia. Kimesimama. Nimerudia mara kumi na tisa. Watoto wa shule wamenizoea, wananiita baba viazi.

Bado siamini. Kebo ile pia ilisimamisha, mpaka siku ilipokataa.

Jumanne, 1 Julai
Upasuaji. Dakika arobaini nje ya mlango. Mtoto amelia.

Msichana. Yusta yuko salama. Mama hakungoja hata kumwona mjukuu, alikwenda kibandani, akasukuma kigari mwenyewe mpaka nyumbani.

Jumamosi, 2 Agosti
Jua, baridi imepungua. Yusta kasema leo anatoka na mtoto hadi dukani. Yaani mteremkoni. Nikasema nitasukuma mimi. Akasema hapana.

Akafungua begi lake, akatoa mbeleko. Ile ya mara ya kwanza, bado ina mikunjo ya dukani. Sikujua kama aliitunza. Ncha moja kaifunga kwenye mpini wa kigari, ya pili kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia. Akavuta kuona fundo linashika. Kisha akaniambia nikague. Nikakagua. Linashika.

Mtoto alikuwa amelala. Kofia nyekundu, pua tu ndiyo inaonekana.

Nikatangulia mbele yao. Nimeshuka mteremko wote kinyumenyume, mikono wazi, macho kwenye magurudumu. Pale kwenye mtaro tulioangukia Yusta akasimama. Akakanyaga breki, kisha akaachia mpini, akajishika kiuno kwa mkono wa kulia, mbeleko ikining'inia. Akanitazama. Kigari kilibaki pale pale.

Tukanunua chumvi na sabuni. Kupandisha nimesukuma mimi.