Niliyemwacha Ndani ya Ndege

Koboko, Uganda

Mama, shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Tabora? Mimi nimepona jeraha la usoni, ila moyo haujatulia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningedanganya tena.

Mdogo wangu Hamisi anasema unaandaa dua ya shukrani kwa kuwa niliwaokoa wenzangu kwenye ile ndege ndogo iliyoanguka. Mama, sikumwokoa mtu.

Tulikuwa watatu: rubani, mimi na vifaa vyangu vya umeme wa jua, na Mama Keji, mfanyabiashara wa Sudan Kusini. Tukikaribia kutua nje ya mji, upepo ulitusukuma chini, gurudumu likanasa kwenye waya wa umeme. Tukaangukia shamba la muhogo. Mafuta yalinuka kila mahali. Rubani alikuwa amezimia. Mama Keji, amebanwa na kiti chake karibu na mlango, akaninyooshea mkono: "Ndugu, vuta mimi."

Nilimkanyaga begani, nikatoka, nikakimbia mpaka barabarani.

Mwendesha boda akasimama. "Mutu iko ndani?"

"Sijui. Mimi napita tu."

Damu ilikuwa ikinichuruzika usoni. Alinitazama, akakimbilia kule waya ulikokuwa ukitoa cheche. Yeye na wanawake waliokuwa wakipalilia ndio waliowatoa. Hamisi aliponipigia nikamjibu, "Tulisaidiana kutoka." Mengine mliyaongeza wenyewe kwa kunipenda.

Jumapili nilikwenda kuwaona hospitalini, Arua. Rubani anatembea kwa magongo. Mama Keji amevunjika bega. Sijui kama ni ndege au ni mguu wangu.

"Mimi iliita wewe," akasema. "Wewe ilisikia?"

"Nilisikia."

Akageukia ukutani. Uji ulipoletwa nikataka kumnywesha, akafumba mdomo. Nikamkabidhi muuguzi kikombe, nikaondoka.

Dua usiivunje, mama. Waombeeni Mama Keji na rubani, na yule wa boda ambaye hata jina sikumuuliza. Lakini Hamisi awaambie watu ukweli kabla hawajala, wasile pilau la uongo wangu.

Nisalimie shangazi, na mjomba anayekulimia shamba. Mke wangu msomee barua hii yote. Akinyamaza, usimlazimishe aseme kitu.

Ni mimi mwanao,
Salum